Dharura za meno mbali na daktari: kinachongoja asubuhi na kisichongoja

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika tarafa ya Lupembe, mkoani Njombe. Mwezi uliopita mwanafunzi wa darasa la tano alianguka uwanjani akang'oka jino la mbele. Tulimfuta damu, jino tukalitupa. Wiki hii shemeji yangu amevimba shavu baada ya kuumwa gego kwa siku kadhaa, na amenunua vidonge dukani. Kutoka kwetu hadi kwa daktari wa meno ni safari ndefu, na mvua ikinyesha huwa ndefu zaidi. Tutatambuaje tatizo la meno ambalo halingoji, na tufanye nini kabla ya kufika hospitalini?

Jibu: Mwalimu, kamwene. Umemtanguliza mwanafunzi, lakini mimi nitaanza na shemeji yako, kwa sababu tatizo lake linaendelea sasa hivi, na uvimbe wa aina hiyo unaweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake.

Kabla hujasoma zaidi, mwendee au mpigie simu umchunguze. Je, anameza mate yake mwenyewe, au yanamchuruzika kwa kuwa kumeza kumemshinda? Anaweza kufungua kinywa kiasi cha kupitisha vidole viwili, kimoja juu ya kingine? Ulimi wake umelala mahali pake, au umeinuliwa kuelekea kaakaa? Sauti imebadilika ikawa nzito, na maneno hayatoki sawasawa? Akijilaza chali, anapumua bila taabu, au analazimika kuinuka? Umguse chini ya kidevu na chini ya taya pande zote mbili: pako laini kama kawaida, au pamekuwa pagumu kama ubao? Jicho la upande uliovimba linafunguka, na anaona vizuri? Ikiwa hata jibu moja kati ya hayo linatia shaka, aondoke leo, hata kama ni usiku, kwa gari lolote litakalopatikana. Na asipelekwe kwenye kliniki ndogo ya meno. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi, kwa maana kinachohatarishwa hapo ni njia ya hewa, si jino tena.

Sababu yake ni hii. Gego lililooza hadi kwenye kiini hupitisha bakteria mpaka kwenye ncha ya mzizi, na huko usaha hujikusanya ndani ya mfupa wa taya, kisha hutafuta pa kutokea pale mfupa ulipo mwembamba. Mizizi ya magego ya nyuma ya taya la chini, hasa la pili na la tatu, mara nyingi hufika chini ya mahali ambapo msuli wa sakafu ya kinywa umejishikiza kwenye taya. Kwa hiyo usaha ukitoboa upande wa ndani hauingii kinywani, ambako mgonjwa angeutema, bali huteremka shingoni. Kutoka hapo uvimbe huvuka kwenda upande wa pili, huusukuma ulimi juu na nyuma, na pumzi huanza kukosa njia. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliieleza hali hiyo mwaka 1836, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kabla ya antibiotiki kupatikana, zaidi ya nusu ya waliopatwa nayo walikufa. Siku hizi walio wengi hupona, lakini hupona kwa sababu walifikishwa hospitali wakiwa bado wanapumua wenyewe.

Meno ya juu nayo yana hatari yake. Usaha wa chonge au wa magego madogo ya juu hupanda kuelekea jicho, na mishipa ya vena ya eneo hilo ina mawasiliano na mishipa iliyo ndani ya fuvu. Shavu likivimba hadi jicho likafumba, kisha mgonjwa akapata homa kali, kichwa kikali, au akaanza kuona kitu kimoja kuwa viwili, huyo pia hasubiri.

Njiani, mgonjwa wa namna hiyo akae wima, ameinamisha kichwa mbele kidogo ili mate yatoke nje, wala asilazwe chali hata akiomba kulala. Asipewe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji kupewa dawa ya usingizi mara tu atakapofika. Zahanati yenu ikiwa njiani, mganga aliyepo anaweza kuanza sindano ya antibiotiki na kuandika rufaa, lakini hayo yafanyike wakati gari linatafutwa. Gari lisisimamishwe kungoja dozi ikamilike. Kwa ninyi wa Lupembe, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe ndiyo iliyo karibu, nayo inaweza kumpeleka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ikiona haja. Aliye Wanging'ombe atakimbilia Ilembula, na aliye Mufindi atatazama Mafinga au Iringa. Mtu apige simu mapema ili wamkute daktari wa zamu akiwa tayari. Kwa mwenye kisukari, kwa anayeishi na VVU, kwa mjamzito na kwa mtoto mdogo, mimi huhimiza safari hata kabla dalili hizo hazijakamilika, kwa sababu miili yao hulemewa mapema zaidi.

Tuseme shemeji umemchunguza na umeona yuko salama: shavu limevimba upande mmoja tu, anameza, anafungua kinywa, hana homa. Hapo una nafasi ya kupumua, lakini si nafasi ya wiki nzima. Apande gari la kesho asubuhi. Najua atakuambia kwamba maumivu yamepungua na vidonge bado vipo. Maumivu hupungua kwa sababu usaha umepata njia ya kutoka mfupani na shinikizo limeshuka, na hilo si kupona. Vidonge navyo vina mpaka wake: kiini cha jino kikishakufa hakina mishipa ya damu hai, na dawa inayosafirishwa na damu haiwezi kufika mahali damu isipofika. Amoksilini inaweza kupunguza kasi ya maambukizi katika nyama zilizozunguka jino, lakini chanzo hubaki mle mle, na uvimbe hurudi baada ya wiki au miezi, mara nyingi ukiwa mkali kuliko wa kwanza. Anayeuza katika duka la dawa muhimu anaweza kumpunguzia maumivu; hawezi kumtoa usaha.

Hapa kuna imani moja inayonisumbua kuliko zote, nayo nimeikuta Mbeya mjini sawasawa na vijijini Ileje na Rungwe: kwamba jino lenye uvimbe haling'olewi mpaka uvimbe ukauke kwa vidonge. Imani hii huwafanya watu wakae nyumbani wakati ule ule ambao wangepaswa kuwa safarini. Ni kweli kwamba sindano ya ganzi haifanyi kazi vizuri ikichomwa kwenye nyama zilizojaa usaha, lakini daktari ana njia ya kuchoma mbali kidogo, kwenye mshipa wa fahamu unaolisha eneo zima. Ni kweli pia kwamba mgonjwa mwingine atapewa antibiotiki kwanza, kulingana na hali yake. Uamuzi huo, hata hivyo, ni wa anayemtazama mgonjwa, na kwa kawaida kuutoa usaha mapema, ama kwa kuchana, ama kwa kung'oa jino, ama kwa kutibu mzizi wake, ndiko kunakoleta nafuu ya kweli. Shemeji asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, asikande shavu kwa nje kwa maji ya moto, na asikubali mtu yeyote amtumbue kwa wembe au sindano ya nyumbani.

Sasa nije kwa mwanafunzi wako. Kutupa jino lile lilikuwa jambo ambalo walimu na wazazi wengi wangelifanya, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba jino la kudumu lililong'oka likiwa zima linaweza kurudishwa na kuishi. Mtoto wa darasa la tano amekwisha kubadili meno yake ya mbele, kwa hiyo lile lilikuwa la kudumu. Kilichokuwa kinawania muda pale ni utando mwembamba wa nyuzi hai unaofunika mzizi na kuushikilia kwenye mfupa. Chembe za utando huo hufa zikikauka. Jino likirudishwa ndani ya dakika chache, lina nafasi nzuri ya kushika tena. Likikaa kavu nusu saa, nafasi imepungua sana. Likizidi saa moja likiwa kavu, chembe hizo huhesabiwa kuwa zimekufa karibu zote. Ndiyo maana dharura hii, tofauti na nyingine nyingi, hutibiwa pale pale uwanjani na mtu aliye karibu, naye kwa kawaida ni mwalimu.

Kwanza mtazame mtoto mwenyewe, si jino. Akiwa alipoteza fahamu, anatapika, anachanganyikiwa, au anatokwa damu au majimaji masikioni au puani, suala ni kichwa, na jino lingoje. Akiwa ana fahamu zake, lisake jino haraka. Ulishike kwa upande mweupe ule unaoonekana mtu akicheka, usiguse mzizi. Likiwa na vumbi la uwanja, lisuuze kwa maziwa, au kwa maji safi yanayotiririka kwa sekunde chache tu. Usilisugue, usilipake sabuni wala spiriti, usilifute kwa kitambaa. Kisha lirudishe kwenye tundu lake taratibu, upande uliobinuka ukitazama mdomo, ukilinganisha na jino la jirani, halafu mtoto ang'ate kitambaa safi kilichokunjwa ili lisitoke. Linaweza kuuma kidogo na damu itakuwapo. Usiogope: ukiligeuza visivyo, daktari atalirekebisha, na jino lililowekwa vibaya kidogo bado lina nafasi nzuri kuliko lililobebwa kavu mfukoni.

Kuna watakaoshindwa kulirudisha, ama kwa sababu mtoto analia na kukataa, ama mikono inatetemeka. Basi litiwe kwenye maziwa. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ina baraka hiyo: kuanzia Tukuyu hadi Njombe na Mufindi si vigumu kumpata jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, na madukani maziwa ya boksi hayakosekani. Chumvi na madini yaliyomo kwenye maziwa yanakaribiana na yale ya mwili, kwa hiyo chembe za mzizi hudumu humo kwa saa kadhaa bila kuharibika sana. Yawe maziwa baridi au ya kawaida, yaliyochemshwa yakapoa au ya boksi, yasiyo na sukari. Mtindi haufai kwa sababu ya uchachu wake, na chai ya maziwa haifai kabisa. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kwenye kikombe kidogo safi na jino litumbukizwe humo, au lifungwe ndani ya mfuko safi wa plastiki pamoja na mate hayo. Mtu mzima mwenye utulivu anaweza kulibeba ndani ya shavu lake mwenyewe. Mtoto asifanye hivyo, atalimeza. Maji ya bomba au ya kisima huzipasua chembe, kwa hiyo yawe njia ya mwisho kabisa, ingawa hata hayo ni afadhali kuliko kuliacha likauke.

Yote haya ni kwa jino la kudumu tu. Jino la utotoni halirudishwi kamwe, kwa sababu chini yake kuna chipukizi la jino la kudumu ambalo linaweza kuumizwa. Meno ya mbele hubadilika kati ya umri wa miaka 6 na 9 hivi, na katika umri huo huenda ukabaki na shaka. La utotoni ni dogo, jeupe zaidi, na mara nyingi mzizi wake ni mfupi kwa kuwa umeanza kuliwa. La kudumu ni pana, lina rangi ya manjano kidogo, mzizi wake ni mrefu, na likiwa bado jipya ncha yake huwa na vijino vidogo vidogo mithili ya msumeno. Ukishindwa kuamua, liweke kwenye maziwa uende nalo, daktari ataamua.

Hospitalini jino hufungwa na meno ya jirani kwa waya mwembamba kwa muda wa wiki 2 hivi, mtoto hula vyakula laini, hupiga mswaki kwa upole, huangaliwa kama amekamilisha chanjo ya pepopunda, na kwa kawaida jino ambalo mzizi wake umekwisha kukomaa hufanyiwa matibabu ya mzizi ndani ya wiki hizo 2. Mzazi aambiwe mapema kwamba safari haitakuwa moja, kwa sababu wengi huacha kurudi jino likishakaza, halafu mzizi huliwa kimya kimya. Na hata saa zikiwa zimepita nyingi, msikate tamaa wala msilitupe: jino lililochelewa linaweza bado kurudishwa ili lihifadhi mfupa na nafasi kwa miaka kadhaa wakati mtoto anakua.

Kwa yule wa mwezi uliopita, mpelekeni achunguzwe hata sasa. Meno ya jirani na pengo huenda nayo yaliumia bila kuonekana. Moja likianza kubadilika rangi kuwa la kijivu, kiini chake kinaweza kuwa kinakufa. Pengo likiachwa wazi, meno ya pembeni huinamia ndani yake, na baadaye hakuna nafasi ya kuweka kitu. Atatengenezewa jino la bandia la kuvaa na kuvua, ambalo ni rahisi na linatosha kwa umri wake. Lile la kupandikizwa mfupani kwa skrubu halifanywi kabla uso haujamaliza kukua, yaani mara nyingi si kabla ya miaka 18 au zaidi.

Jino lililovunjika kipande, bila kung'oka, nitalieleza kwa kifupi. Tafuteni kipande, kitieni kwenye maziwa au maji, kwani kinaweza kugundishwa tena. Tazama mahali palipovunjika: ukiona nukta nyekundu au ya waridi, kiini kimefunuliwa, na mtoto aonwe siku hiyo au kesho yake; usipoiona, siku chache si neno. Ila jambo moja lisisahaulike. Kipande au jino zima likikosekana, chunguza ndani ya mdomo uliochanika, maana hujificha humo. Na mtoto akianza kukohoa au kutoa mlio anapopumua, huenda amelivuta kwenye njia ya hewa, na hiyo ni safari ya hospitali yenye eksirei bila kuchelewa.

Ajali za bodaboda zimetuletea kazi nyingine, ya mataya yaliyovunjika. Muulize aliyeumia kama meno yake yanakutana kama zamani anapofumba; mtu huyajua mang'ato yake mwenyewe, na akisema hayakutani, mwamini. Ganzi kwenye mdomo wa chini, ufizi uliochanika katikati ya meno mawili, au damu sikioni baada ya kugonga kidevu, vyote vinaashiria mfupa uliovunjika. Asifungwe kitambaa kikazacho kuzunguka kichwa ikiwa anatapika au anatokwa damu nyingi kinywani, na akiwa hana fahamu alazwe ubavu huku shingo ikitunzwa isipindishwe.

Damu baada ya kung'oa jino huwatia watu hofu kubwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa damu kidogo ikichanganyika na mate mengi huonekana kama beseni zima. Akae wima, akunje kitambaa safi cha pamba, akilowanishe kidogo, akiweke juu ya tundu lenyewe na kung'ata kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kukitoa ili kuchungulia, kwani kuchungulia ndiko kunakobandua damu iliyoanza kuganda. Isipokoma, arudie, na safari hii anaweza kung'ata mfuko mdogo wa chai nyeusi uliolowanishwa kwa maji baridi. Majani ya chai yana tanini inayosaidia damu kuganda, nanyi wa Lupembe mnaishi katikati ya mashamba ya chai. Uwe mfuko uliofungwa, si majani yaliyolegea. Asisukutue wala kutematema siku ya kwanza, na uji wa moto uachwe. Ikipita saa moja na bado inatiririka, aende hospitali, na anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asingoje saa hiyo, wala asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe. Maumivu makali yanayoanza siku ya 2 hadi ya 4 baada ya kung'olewa, bila uvimbe, ni dalili kwamba tundu limepoteza damu iliyoganda na mfupa uko wazi. Hayahatarishi maisha, lakini yanatibika kwa kusafishwa na kuwekewa dawa, na hakuna sababu ya kuyavumilia.

Maumivu ya jino peke yake, bila uvimbe na bila homa, si dharura ya usiku, ingawa anayeugua hawezi kuamini hivyo. Jino linalouma kidogo kwa baridi ya Juni na kutulia mara moja linaweza kungoja wiki. Linalomwamsha mtu usiku na kuendelea kuuma lenyewe, kiini chake kimeathirika na lionwe ndani ya siku 2 au 3. Kwa sasa mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa siku, na kama hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo wala ujauzito, na hatumii dawa za kuzuia damu kuganda, anaweza kuongeza ibuprofeni ya miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula. Dawa hizo mbili pamoja hutuliza jino kuliko moja peke yake. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo: mwenye kilo 20 apewe miligramu 300 kwa mara moja, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16, na mtu yeyote asiiweke juu ya ufizi, kwa sababu huunguza nyama. Maji ya betri, petroli na ugoro ndani ya tundu la jino vimewaachia watu vidonda vilivyochukua muda mrefu kupona kuliko jino lenyewe. Namsihi kila anayesoma haya amkataze jirani yake.

Kuna maumivu ya taya yasiyotoka kwenye meno kabisa. Mtu mzima akipata maumivu ya taya la chini, hasa upande wa kushoto, yanayokuja akipanda mlima na kutulia akipumzika, au yanayoambatana na kifua kubana, jasho baridi na kukosa pumzi, huo ni moyo, na anapaswa kukimbizwa hospitali mara moja bila kupitia kwa daktari wa meno.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu na wazazi hukusikiliza, niongeze neno kuhusu watoto wachanga. Mtoto mwenye homa au kuhara akiambiwa ana "meno ya plastiki" na kupelekwa kwa mtu amchane ufizi, kinachotolewa ni vichipukizi vya meno yake halisi, na anaachiwa jeraha linaloweza kumtoa damu nyingi na kumpa maambukizi wakati ule ule ambao mwili wake umedhoofika. Homa na kuhara vitibiwe zahanati. Na mtoto aliyedhoofu, hasa baada ya surua, akitokea kidonda cha ufizi chenye harufu kali na shavu likaanza kuvimba na kubadilika rangi, apelekwe siku hiyo hiyo: ugonjwa huo, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023, hula nyama ya uso ndani ya siku chache, lakini ukikutwa mwanzoni huzuiwa kwa antibiotiki, usafi wa kinywa na lishe.

Shuleni kwenu tengeni kisanduku kidogo. Kiwe na glavu, vitambaa vya pamba vilivyofuliwa na kufungwa vizuri, tochi ya kumulika kinywani, chupa ndogo safi yenye kifuniko, boksi dogo la maziwa yasiyohitaji jokofu ambalo litabadilishwa kabla ya tarehe yake kupita, na parasetamoli ya watoto. Kwenye kifuniko bandikeni namba ya zahanati, ya dereva mmoja au wawili wanaokubali kuitwa usiku, na ya hospitali mtakayoikimbilia. Hiyo ya hospitali iulizeni sasa, mkijua pia ni siku zipi tabibu wa meno yupo kwenye kituo cha afya cha karibu. Na mnapompeleka mtoto, mpeni anayemsindikiza karatasi yenye mambo haya: saa ambayo jino lilitoka, lilikaa kavu kwa muda gani kabla ya kutiwa kwenye maziwa, kama alipoteza fahamu hata kidogo, dawa aliyopewa na kiasi chake, magonjwa aliyo nayo, chanjo ya pepopunda, na namba ya simu ya mzazi anayeweza kutoa idhini ya matibabu.